Inchaji anasema dawa za kemo za mimea hazina madhara, nami nina ujauzito wa wiki nane

Shikamoo Mama,

Mimi ni muuguzi, nina miaka 29, nafanya kazi kwenye hospitali moja huku Kanda ya Ziwa ambayo naomba nisiitaje. Zamani wagonjwa wetu wa saratani walikuwa wanasafiri hadi hospitali ya rufaa kwa kila mzunguko wa kemo, yaani dawa kali za kuua saratani. Miaka miwili iliyopita tukafunguliwa kitengo chetu, vitanda 6 na viti 4, na watu walifurahi sana kwa sababu nauli ilikuwa inawamaliza. Mimi ni mmoja wa wauguzi watatu waliopelekwa semina ya siku 5. Tukarudi, tukaanza kazi.

Dawa tunachanganya wenyewe. Mfamasia anatuletea vichupa kwenye trei, tunaingia navyo kwenye chumba kidogo ambacho zamani kilikuwa stoo ya mashuka. Mle kuna meza ya chuma, dirisha moja na feni ya ukutani. Tunavaa glavu za kawaida, zile za boksi, pea moja, na barakoa ya upasuaji, na aproni ya plastiki ikiwepo. Zaidi tunachanganya vinkristini na paklitakseli, na etoposidi mara mojamoja. Siku ya kliniki naweza kuandaa dozi 12 peke yangu.

Mwezi wa tatu nilikuwa navuta vinkristini. Nilipochomoa sindano, kichupa kikatoa mlio kama mtu anayefyonza, na matone yakanirukia kwenye kifundo cha mkono, pale glavu inapoishia. Nikafuta kwa pamba ya spiriti nikaendelea, maana foleni ilikuwa ndefu. Jioni pakawa pekundu, panawasha, na siku ya tatu ngozi ikabambuka. Siku za paklitakseli nazo natoka mle ndani kichwa kinagonga na koo linakereketa.

Nilimweleza inchaji wetu, yaani msimamizi wa kitengo, ambaye namheshimu na amenifundisha mengi. Alinijibu kwa upole: "Mdogo wangu, hizo ni dawa za miti. Sumu ni zile za kemikali za viwandani. Vinkristini inatokana na ua hilihili lililoko getini, bibi zetu walikuwa wanachemsha majani yake kwa ajili ya sukari." Na kweli ua hilo lipo getini, la rangi ya waridi, lina kitovu chekundu. Hata mama mkwe wangu analichemsha, ana sukari.

Mama, mwaka jana mimba yangu ilitoka ikiwa na wiki 10. Sasa nina ujauzito tena, wiki 8, na anayejua ni mume wangu peke yake. Kwetu mimba changa haitangazwi. Usiku silali. Najiuliza kama ile ya mwaka jana niliitoa kwa mikono yangu mwenyewe bila kujua. Najiuliza niache kazi. Lakini tupo watatu tu, nikiondoka wagonjwa wanarudi kupanda mabasi. Na nikiomba kuhamishwa bila kusema sababu nitaonekana mvivu.

La mwisho. Mama wa usafi wa wodi yetu, mtu mzima, ndiye anayemwaga vyoo vya wagonjwa waliolazwa baada ya kemo. Glavu zikiisha anamwaga kwa mikono mitupu. Sijui nimwambie nini, kwa sababu mimi mwenyewe nimeambiwa hazina madhara.

Ni mimi, Muuguzi wa Ziwa

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimekuwa muuguzi miaka mingi kabla ya kustaafu, na katika miaka hiyo ipo ambayo tulichanganya dawa hizi juu ya dawati la ripoti, birika la chai likiwa pembeni. Hakuna aliyetukataza, kwa sababu waliokuwa juu yetu nao hawakuwahi kuambiwa. Kwa hiyo simlaumu inchaji wako. Anakurithisha alichorithi. Lakini alichorithi si sahihi, na wewe huna muda wa kusubiri mpaka ajue.

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Mimba nyingi zinazotoka mapema hutoka kwa sababu kromosomu, yaani vibeba vinasaba vya mtoto, zilikosewa tangu siku ya kwanza yai lilipotungwa, na mama hakufanya kosa lolote. Hakuna kipimo leo kitakachoweza kusema kama ile yako ya wiki 10 ilikuwa hivyo au ilitokana na kazi. Yeyote atakayekwambia anajua, kwa upande wowote, anakudanganya. Hukuwa unajua, na hukupewa cha kujikingia. Mzigo huo utue, mwanangu. Haukuwa wako kuubeba.

Lakini sitakuficha kinachojulikana. Mwaka 1979 watafiti wa Finland walipima mkojo wa wauguzi waliokuwa wakishika dawa za saratani, wakakuta ndani yake uwezo wa kubadilisha vinasaba ambao hawakuukuta kwa kiwango hicho kwa watu wasiozishika. Mwaka 1985 utafiti mwingine wa hukohuko Finland ulilinganisha wauguzi waliopoteza mimba na wale waliojifungua salama. Waliopoteza walionekana kuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kuwa walizishika dawa hizi katika miezi mitatu ya kwanza. Vinkristini ilikuwa miongoni mwa dawa zilizoangaliwa. Wale nao walichanganya kama unavyochanganya wewe sasa, wengi wao bila kinga ya maana. Ndiyo sababu nchi nyingi zikabadilisha utaratibu, na ndiyo sababu nakwambia kwamba ya mwaka jana tumwachie Mungu, ila hii ya wiki 8 tuishughulikie kesho asubuhi.

Sasa tuje kwenye hilo ua la getini, maana hapo ndipo kosa lenyewe lilipo.

Ni kweli, vinkristini inatokana na ua hilo. Asili yake ni Madagaska, na leo limesambaa kila mahali penye joto, hadi makaburini na kwenye vituo vya daladala. Na ni kweli watu wa nchi nyingi wamekuwa wakichemsha majani yake kwa ajili ya sukari. Mwaka 1952 majani hayo yalitumwa kutoka Jamaika hadi Kanada, kwa daktari aliyeitwa Clark Noble, naye akampa mdogo wake Robert Noble aliyekuwa na maabara. Robert Noble na mwenzake Charles Beer walitaka kujua kama kweli yanashusha sukari. Wakawanywesha panya maji ya majani yale, sukari haikushuka. Wakawachoma sindano ya dondoo lake, na baada ya siku chache panya wakaanza kufa. Walipowapasua wakakuta majipu ndani ya miili. Chembechembe nyeupe za damu zilikuwa zimeporomoka, kinga imekwisha, vijidudu vya kawaida vikawamaliza.

Hivyo ndivyo dawa hii ilivyogunduliwa. Watafiti wale walifikiri kwamba kama kitu kinaweza kufuta chembechembe nyeupe kiasi hicho, huenda kikafaa kwa saratani ya damu. Mwaka 1958 wakatangaza vinblastini, dawa ndugu ya vinkristini kutoka ua hilohilo, na vinkristini yenyewe ikafuata, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1963. Tangu hapo imeokoa watoto wengi wenye saratani ya damu na wenye lile vimbe la taya linaloitwa Burkitt, ambalo huku kwetu Afrika Mashariki tunalijua vizuri. Ni dawa ninayoipenda. Nimeona mtoto aliyefika jicho limesukumwa nje na uvimbe, wiki mbili baadaye anagombania mpira. Lakini inaponya kwa sababu inaua, na haijawahi kuwa vinginevyo.

Tazama kipimo chake. Mtu mzima kwa kawaida hapewi zaidi ya miligramu 2 kwa mara moja. Hicho ni kidogo mno kuliko chumvi unayoibana kwa vidole viwili kutia kwenye yai. Kiasi hicho, kikirudiwa mara chache, kinaweza kumfanya mzee mwenye kilo 80 ashindwe kufunga vifungo vya shati kwa ganzi ya vidole, na kumfunga choo siku kadhaa. Kupata gramu moja tu ya vinkristini huhitaji majani makavu ya mamia ya kilo. Kwa hiyo ua la getini na kichupa cha kwenye trei vinachangia asili, lakini mtu aliyevishika vyote viwili hajashika kitu kimoja. Na ukitaka kujua dawa hii ina upole gani: ikimwagika nje ya mshipa, nyama ya mkono huoza. Ikichomwa kwa makosa kwenye uti wa mgongo, mgonjwa karibu kila mara hufa, na Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari mwaka 2007 likataka iandaliwe kwenye mfuko mdogo wa dripu badala ya bomba la sindano, ili isichanganywe na dawa za mgongoni.

Zingine ni vivyo hivyo. Paklitakseli ilitoka kwenye gome la mti wa magharibi mwa Marekani, lililokusanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1962. Etoposidi inatengenezwa kutokana na sumu ya mzizi wa mmea mdogo wa msituni, nayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kwenye kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kwa haki niseme kwamba vinkristini haimo kwenye kundi hilo, ushahidi wake haukutosha. Kwa wewe mwenye mimba, hata hivyo, swali la saratani si la kwanza.

La kwanza ni hili. Seli inapotaka kugawanyika hutandaza nyuzi nyembamba ndani yake, zikavuta kromosomu nusu huku na nusu kule. Vinkristini huzuia nyuzi zisisukwe. Paklitakseli hufanya kinyume, huziacha zisukwe kisha ikazikaza zisifumuke. Kwa njia zote mbili seli hukwama katikati ya kugawanyika, ikafa. Dawa haina macho ya kuchagua seli ya saratani, inakamata yoyote inayogawanyika haraka, ndiyo maana wagonjwa wako wanapoteza nywele na kupata vidonda mdomoni. Na mtoto wa wiki 8 tumboni ni seli zinazogawanyika usiku na mchana.

Usiogope kupita kiasi. Kinachokufikia wewe ni kidogo sana ukilinganisha na dozi ya mgonjwa. Shida ni kwamba mgonjwa anapata mizunguko 6 au 8 kisha anamaliza, wewe unapata kidogokidogo kila siku ya kliniki kwa miaka, na hakuna kiwango ambacho kimewekwa kwamba chini yake ni salama kwa mfanyakazi.

Nayo haiingii kwa njia ambayo wengi wanafikiri. Wauguzi wanaogopa kuvuta hewa, kumbe mlango mkubwa ni ngozi. Kichupa chenyewe hufika kutoka kiwandani kikiwa na chembe za dawa kwa nje. Mfamasia anakishika, anashika mpini wa mlango, anashika kalamu ya kitabu cha dawa, nawe unachukua kalamu hiyohiyo, kisha saa nne unakula andazi. Ule mlio uliousikia una sababu. Umeingiza maji au hewa ndani ya kichupa, presha imepanda, na unapochomoa sindano presha inatafuta njia, inatoka na matone ambayo mengine huyaoni kwa macho. Matone uliyoyaona yalikufika kwenye kifundo. Usiyoyaona yalitua juu ya meza, kifuani na kwenye barakoa, na feni ya ukutani ikayasambaza chumba kizima. Maumivu ya kichwa na koo kukereketa ni malalamiko ya kawaida ya watu wanaozishika dawa hizi bila kinga. Mwili wako umekuwa ukikwambia ukweli.

Sasa la kufanya. Kuanzia zamu yako ijayo usichanganye, usitundike wala usiondoe dripu ya kemo, na usisafishe kilichomwagika. Hilo ni kwa ujauzito wote na kwa muda wote utakaonyonyesha. Najua mila ya kutotangaza mimba changa, na mimi nilificha zangu zote mpaka mwezi wa nne. Lakini miezi hiyo mitatu tunayoificha ndiyo hasa viungo vya mtoto vinapoumbwa, na ndiyo waliyoichunguza wale wa Finland. Huhitaji kutangaza. Mwambie inchaji na metroni, wawili tu, ana kwa ana, kisha uwaachie barua ili isiwe maneno ya korido. Andika kwa ufupi, kwa mfano hivi: "Nina ujauzito wa wiki 8. Kazi yangu ya sasa inahusisha kuchanganya na kutoa dawa za saratani ambazo zina hatari kwa mimba. Naomba nipangiwe kazi nyingine katika kitengo au wodi nyingine kwa kipindi cha ujauzito na kunyonyesha, na naomba taarifa hii ibaki siri." Weka nakala yako, na nyingine uwe umeigonga muhuri wa masjala.

Hiyo si hisani unayoomba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inamkataza mwajiri kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto, na inamtaka ampe kazi mbadala pale inapowezekana, kwa masharti yasiyo duni kuliko ya kwanza. Mshahara haupungui. Nawe hulazimiki kuondoka kitengoni. Unaweza kupima uzito na presha, kufundisha wagonjwa wapya, kupanga tarehe na kufuatilia majibu ya damu, kazi ambazo naamini hamna mtu wa kuzifanya vizuri kwa sababu mmejazana kwenye stoo ya mashuka. Ukiona hivyo hutajiona mvivu.

Lile tukio la mwezi wa tatu liandike sasa hivi kwenye kitabu cha matukio, hata kama limechelewa: tarehe, dawa, sehemu ya mwili, ngozi ilifanya nini. Kisichoandikwa hakikutokea, na huenda siku moja ukahitaji kudai kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Na kwenye kliniki ya wajawazito mwambie mkunga kazi unayofanya.

Spiriti, mwanangu, ondoa kabisa kichwani. Spiriti na vitakasa mikono haviui dawa ya kemo, vinaitandaza tu. Dawa ikigusa ngozi, vua glavu, osha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka. Ikiruka jichoni, maji safi dakika 15 bila kukatisha kisha kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, hasa ikiwa ni vinblastini au vinkristini, zinachubua kioo cha jicho.

Wenzako wawili wanaobaki ndio wananitia wasiwasi, maana ukitoka wewe, dozi zako 12 zinahamia mikononi mwao. Kile chumba hakifai kuchanganyia kemo na hakuna namna ya kukifanya kifae kwa kufungua dirisha. Kazi hii inatakiwa ifanyike ndani ya kabineti ya usalama, ile inayovuta hewa kwenda ndani na juu na kuichuja. Na kuna kabineti nyingine zinazopuliza hewa kumwelekea mtu, nzuri kwa dripu za kawaida, lakini kwa kemo zinampulizia mchanganyaji sumu usoni, kwa hiyo wakileta kitu chenye kioo na taa msishangilie kabla hamjajua kinapuliza upande gani. Ninachoamini mimi, baada ya kuona hospitali nyingi, ni kwamba kwa kituo cha vitanda 6 jibu la haraka ni kuzungumza na hospitali yenye kabineti iwaandalie dozi ziletwe zikiwa tayari kwenye mifuko, au famasi yenu ichukue jukumu la kuchanganya na itafutiwe kabineti. Kuna pia vifaa vya kufungia kichupa na bomba visiruhusu tone kutoka. Vina bei, lakini mfamasia aombe makadirio, asiseme havipo kabla hajauliza.

Wakati hayo yanasubiriwa, feni izimwe na waya uchomolewe. Glavu ziwe mbili, ndefu, zisizo na unga, zilizopimwa kwa dawa za kemo, ya ndani ikiingia chini ya mkono wa gauni na ya nje ikipanda juu yake, ili kifundo kisibaki wazi kama chako kilivyobaki. Zibadilishwe kila dakika 30 au zikichanika. Gauni liwe lisilopitisha maji, linalofungwa mgongoni. Barakoa ya upasuaji haizuii matone madogo, wavae N95, ile barakoa inayobana uso na kuchuja hewa, na miwani inayofunika pembeni. Mabomba ya sindano yawe ya kufunga kwa kuzungusha, yasije yakachomoka. Na presha ndani ya kichupa iwe ndogo kuliko ya nje wakati wote: unavuta hewa kidogo kwanza, ndipo unaingiza maji kidogo, unabadilishana hivyo hadi mwisho. Ukisikia mlio, umekosea hatua. Mrija wa dripu ujazwe kwa maji ya chumvi kabla dawa haijaunganishwa, msiujaze kwa dawa yenyewe mkaitiririsha kwenye beseni. Chai ibaki nje ya kitengo kabisa.

Sare yako usiifue na nguo za nyumbani. Ivue kazini, ibebe kwenye mfuko wake, ifue peke yake mara mbili. Mumeo asiifue kwa mikono. Naye akiuliza, mwambie dawa hizi zinagusa mbegu za kiume pia, kwa hiyo muuguzi mwanaume anayetafuta mtoto ana haki ya kinga ileile. Wagonjwa msiwaogope. Kuwashika mkono, kuwakumbatia, kukaa nao meza moja hakuna neno, na naomba hilo mlisimamie kwa nguvu, maana hofu ikienea vibaya watatengwa na ndugu zao.

Mama mkwe aendelee na vidonge vyake vya sukari, na hilo ua alipande uani alitazame. Kuligusa hakumdhuru. Kulichemsha kunaweza kumdhuru, na kumbuka wale panya wa Kanada, sukari yao haikushuka hata kidogo. Mweleze kwa heshima, kupitia kwa mumeo ikibidi.

Nimemwacha mama wa usafi mwisho kwa sababu yeye ndiye asiye na barua ya kuandika. Vinkristini na paklitakseli hutoka mwilini zaidi kwa njia ya choo kikubwa, zikipitia kwenye nyongo. Etoposidi hutoka zaidi kwa mkojo. Kwa saa 48 baada ya dozi, kila kinachotoka kwa mgonjwa, pamoja na matapishi, kihesabiwe kuwa kina dawa. Yeye anagusa katika hivyo vyoo kile ambacho wewe unakivaia glavu chumbani, na hakuna aliyempeleka semina hata ya saa moja. Anahitaji glavu mbili, aproni isiyopitisha maji, miwani kama anamwaga kwa kurusha, na beseni zifunikwe kabla hazijabebwa. Mashuka yenye majimaji yaende kwenye mfuko wake yenyewe, yafuliwe mara ya kwanza peke yake. Vichupa, mabomba na glavu zilizotumika zisiende kwenye shimo la nyuma wala kwenye tanuri dogo la hospitali, dawa hizi zinahitaji joto la juu ya nyuzi 1,200 kuharibika, chini ya hapo moshi wenyewe unakuwa na sumu. Hilo ni la uongozi. Glavu ni la kwako. Kabla zamu haijaanza kesho, chukua boksi moja uliweke mahali pake pa ufagio, liandike jina lake kwa kalamu ya wino mzito, na umwonyeshe kuvaa pea mbili na kuivua ya nje bila kuigusa kwa vidole vitupu. Mwite mama, mshike mkono, mwambie ulichosoma hapa kwa maneno yako. Usisubiri kikao.